Paa la Foili

Fundi alikuwa ameezeka shule, zahanati na maghala, na hakuna paa lake hata moja lililowahi kuvuja. Hayo aliyasema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Alichokuwa hasemi ni kwamba binti yake wa miaka minne hajawahi kumwita baba. Alimwita Fundi. Na mtoto hakuwa na kosa. Baba yake alikwenda kwenye kazi ya mbali yeye akiwa bado hajaanza kusema, na muda wote huo mama akipokea simu alisema, "Haloo, Fundi," na jirani akipita aliuliza Fundi anarudi lini. Mtoto akashika hilohilo. Sasa Fundi amerudi, kiangazi kimekolea, na jina halijabadilika. Lilimuuma, ila alijikaza.

Kwa hiyo chekechea ilipoalika wazazi waje kutengeneza picha za hali ya hewa pamoja na watoto wao, Fundi alimwambia mkewe apumzike, atakwenda yeye. Alikuwa amesikia kwamba mwishoni kila mtoto atasimama mbele ya darasa amtambulishe mzazi wake. Mbele za watu, aliwaza, hatakuwa na budi kusema baba. Akavaa lile shati lake la kutokea.

Wazazi waliketishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakawa jirani na masikio. Mezani kulikuwa na pamba ya mawingu, vifungo vya njano vya jua, uzi wa sufu wa buluu wa mvua, vijiti vya aiskrimu, foili na gundi ya kutosha kuharibu nguo za ukoo mzima. Mhasibu mmoja alibandika wingu, likamganda kwenye tai, na mwanawe akaanza kulia akilidai.

"Sisi ni mvua," binti yake Fundi alisema. Akachora kuta nne, ndani akachora kitanda, kisha akaanza kukata nyuzi za buluu. Fundi alitazama. Mvua inakuja na nyumba haina paa. Wapo watu wanaoweza kuvumilia hali kama hiyo, lakini yeye hakuwa mmoja wao. Aliomba rula. Mwalimu alimkumbusha kwa upole kwamba kazi hii ni ya watoto, na Fundi akakubali kwa heshima zote, akaendelea. Vijiti vya aiskrimu vikawa kenchi za kubeba paa. Foili akaikata vipande, akavilaza kimoja juu ya kingine kama mabati, kwa kufuata upepo unakotoka, ingawa upepo wenyewe hakuna aliyekuwa ameubandika. Juu kabisa akaweka kofia ya kufunika maungio. Lilikuwa paa safi. Mzazi wa meza ya pili alimwomba namba ya simu.

Mtoto alilitazama paa lile kwa muda. Kisha akachukua penseli, akalitoboa, akapitisha uzi wa buluu kwenye tundu, akaushusha mpaka kitandani.

"Umelitoboa," Fundi alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Ndiyo. Linavuja hapo."

Zamu yao ilipofika, mtoto aliinua picha akaieleza bila haraka. Hii ni mvua, hili ni tundu, maji yanaanguka kitandani kwake, mama anaweka beseni, naye anahamia kwa mama. Mwalimu akauliza amekuja na nani leo. Fundi akakaa wima, kadiri kiti kile kilivyomruhusu.

"Huyu ni Fundi," alisema mtoto. "Anaezeka nyumba za watu."

Wazazi wote waligeuka kumtazama. Yule wa meza ya pili alitoa simu yake, akaminyaminya kidogo, akairudisha mfukoni. Fundi aliumbuka mchana kweupe. Lakini aibu haikumuuma kama lile beseni. Alikuwa akiliona uvunguni mwa kitanda cha mtoto tangu arudi, akidhani ni la kufulia.

Nyumbani hakubadilisha hata shati. Aliegemeza ngazi, akapanda na nyundo, misumari ikiwa mdomoni. Tundu aliliona mara moja. Kazi yenyewe haikuwa ya kumtoa mtu jasho, na hilo lilimfanya ajisikie vibaya zaidi. Mtoto akaja kusimama chini, akauliza kama anaziba. Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Mvua ikinyesha, mimi nitalala wapi?"

Fundi aliwahi kuulizwa mengi akiwa juu ya paa, bei ya mbao, unene wa bati, siku ya kumaliza. Swali hili lilikuwa geni. Aliitema misumari kiganjani, akaketi juu ya bati la moto, jambo ambalo huwakataza vibarua wake. Yeye alipokuwa mbali akikausha nyumba za wengine, tundu hili ndilo lililokuwa likimpeleka mwanawe mahali pa kukumbatiwa. Akataka kulia, lakini juu ya paa mtu huonekana na mtaa mzima.

"Utahamia kwetu vilevile," alisema. "Hata kama huvujiwi."

"Na beseni?"

"Beseni nalo tutaliweka."

Mtoto alilifikiria hilo kwa makini, kama mteja asiyetaka kuuziwa bati bovu.

"Basi ziba, baba."

Fundi aliinua nyundo, akajigonga kidole gumba. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kujigonga, na hili hajamsimulia mtu mpaka leo.