Gemu ya Watu Wawili

Mume wangu Azim, anayefanya kazi Doha, aliniletea mashine ya gemu yenye rimoti mbili za kuchezea, kwa mkono wa jamaa aliyekuja Malindi likizo. Tangu hapo kila simu ni mapendekezo: nunua ya mpira, nunua ya magari, ile ya mapanga ina picha nzuri ajabu. Ati nisikae mpweke. Mimi sikuolewa na televisheni.

Nikaenda dukani kwa Hafswa, anayeuza gemu. Nikamwambia, "Nipe isiyochezeka na mtu mmoja."

Akanipa ya wapishi wawili. Mmoja hukata, mwenziwe hupika, na bila wa pili haianzi.

Ijumaa Azim akapiga simu. "Umenunua ipi?"

"Ya wapishi wawili."

"Vyema. Nami nitaitafuta huku, tucheze kwa mtandao."

"Hii haichezwi kwa mtandao. Wachezaji hukaa mkeka mmoja."

Akauliza, "Na rimoti ya pili umeiweka wapi?"

Kwetu chakula cha mume hufunikwa kwa kawa la ukili mpaka arudi, hata akichelewa vipi.

"Ipo mezani," nikamwambia. "Nimeifunika kawa."