Chafya ya Njiani

Miaka thelathini ya kupandisha wageni mlimani ilikuwa imemmaliza magoti Mzee Tiang, kwa hiyo alitaka kuliuza gari lake. Mpwa wake Dahu, wa kule bondeni, alishajiweka tayari kulinunua. Binti yake Savi akasema haliuzwi, ataliendesha yeye. Baba na binti wakakubaliana: safari moja, mzee akae pembeni atazame. Akiridhika, gari ni la Savi. Asiporidhika, Dahu anakuja kesho.

Savi alijiandaa kama anayehama nyumba. Spea, jeki, kamba, mablanketi, maji, dawa, na wali wa kunata uliofungwa kwenye majani. Aliwapigia simu mafundi wa barabara mara mbili, akaambiwa usiku mvua ilinyesha na lango la juu litafungwa saa nane kamili.

"Umesahau kitanda," baba akamtania.

"Kiko chini ya spea, Baba."

Wageni walikuwa Bwana Kuo, mwalimu mstaafu kutoka mji wa Tainan, na mkewe. Bwana Kuo alitaka kupiga picha mawingu kule juu, na alijua kila kitu. Alijua hata kwamba Mbunun, mwenyeji wa milima hiyo, akisikia chafya wakati wa kuondoka, safari huahirishwa. Aliieleza habari hiyo njia nzima, mbele ya Wabunun wawili, Savi na baba yake.

Saa saba na nusu Savi akafunga breki. Mbele kulikuwa na ukuta wa mwamba, na jua lilikuwa linawaka vizuri tu. Lakini kokoto mbili tatu zilidunda barabarani. Akateremsha kioo, akasikiliza. Zikadunda nyingine.

"Hapa hatupiti," akasema. "Juu pamelegea."

"Kwa vijiwe hivyo?" Bwana Kuo akacheka. "Dada, lango linafungwa! Mzee, wewe unasemaje?"

Mzee Tiang akamtazama binti yake. Savi alihisi uso unamchoma. Akimwacha baba aseme, dereva atakuwa baba, na kesho Dahu atakuja. Ndipo akafanya upuuzi: akaziba pua, akapiga chafya moja kubwa ya uongo.

"Aa!" Bwana Kuo akapiga makofi. "Chafya! Basi tungoje, mila ni mila!"

Savi alikuwa anaanza kupumua pale mzee alipokohoa.

"Chafya ni ya kabla ya kutoka," akasema. "Njiani haihesabiwi. Na hiyo haikuwa chafya."

Savi angeweza kujificha chini ya kiti kwa aibu. Alimkasirikia baba, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi, maana aliiachia pua kazi ya mdomo wake. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akageuka nyuma.

"Nimedanganya, samahani. Lakini mawe hayadanganyi. Gari hili naliendesha mimi, na mimi sipiti hapa. Tunarudi."

"Mzee, mwambie mwanao!" Bwana Kuo akafoka. "Au shika usukani wewe!"

"Nimwambie nini?" Mzee Tiang akauliza. "Dereva ni yeye."

Savi akarudisha gari nyuma taratibu hadi kwenye kona pana, akaligeuza. Akashuka kwa gia ya pili, huku Bwana Kuo akinung'unika kwa kila kona. Walipofika kijijini, Bwana Kuo mwenyewe akawapigia simu mafundi ili kumwaibisha Savi. Akaambiwa hakuna kilichoanguka.

"Umesikia, dada? Hakuna hata jiwe!"

"Nimesikia," Savi akasema. "Hata kesho wakiniambia hivyo, nikiziona kokoto zile nitarudi tena."

Mke wa Bwana Kuo, aliyekuwa kimya safari nzima, akamwomba namba yake ya simu kwa safari ijayo. Savi akamtajia. Akamtazama baba yake, lakini mzee alikuwa ameshika simu sikioni.

"Dahu," alikuwa anasema, "usije. Gari limepata mwenyewe."