Vipande vya Nyayo za Mheshimiwa

Jovia alikuwa anasugua tangi la kioo nyumbani kwa Mheshimiwa, kule New Site, kwa kisu cha jikoni. Maji ya tangi ni ya chumvi. Chumvi ilitoka Mombasa kwa lori, na jenereta ilinguruma mchana kutwa ili maji yapate hewa, wakati majirani wanakunywa maji ya mto. Ndani aliishi anemoni, mnyama wa bahari mwenye rangi ya fizi, vidole vingi na mdomo mmoja. Anakula kwa mdomo huo, halafu kwa mdomo huohuo anatoa kinyesi, kamasi la kahawia. Wageni wa Mheshimiwa walimwita ua.

Anemoni anatembea kwa mguu mmoja, polepole, kama jipu linalohama. Akipita anaacha vipande vya unyayo vimeganda kwenye kioo, na kila kipande kinaota mdomo wake. Jovia alivikatakata. Vikazidi.

"Ukikata unamsaidia kuzaa," Mheshimiwa alimwambia. Alikuwa amevua soksi. Chini ya kiti chake ilibaki ngozi ya kisigino, nyeupe, inateleza. Jovia akaifagia pamoja na makombo. Ngozi iliuma ufagio kidogo.

Wiki hiyo Mheshimiwa alienda Gudele kuangalia ploti ya Teresina. Amani ilipokuja Teresina alirudi kutoka Arua, Uganda, chifu akampa mahali hapo, akasimamisha rakuba, kibanda cha nyasi, na kukaa chini ya kivuli chake na mtoto wake, Mogga. Kukaa ndio kazi yenyewe. Wapimaji wa ardhi wakija, ploti ni ya yule wanayemkuta amekaa. Kwa hiyo Teresina hakuenda soko, hakuenda kanisa, na chooni alienda mbio.

Mheshimiwa alishuka garini. Alizunguka ploti akiburuta sandali, akarudi kwenye gari lake. Alipoburuta mguu kilibaki kipande, kama utumbo wa mbuzi uliochemshwa. Kesho yake kilikuwa na mdomo. Halafu tumbo. Halafu saa ya mkononi. Jumapili kilikuwa mtu mzima, sura ya Mheshimiwa kabisa, amekaa katikati ya ploti, ananuka samaki wa juzi.

"Mimi iko hapa zamani," alisema.

"Zamani gani? Juzi ulikuwa ngozi," Teresina alisema.

"Mama, leta chakula."

Alimpa, kwa sababu mgeni ni mgeni. Yule akameza kuku na mifupa yake, akaitapika mifupa palepale, imevikwa ute, juu ya mkeka wa Mogga.

Jovia, aliyekuwa akisali kanisa moja na Teresina kabla ya ploti, alikuja kumwonya asimkate. Alikuta Emilio, jirani, anafuta jembe kwenye majani.

"Nimekusaidia, Mama Mogga," Emilio alisema.

"Umenisaidia nini? Angalia."

Nusu mbili za yule mtu zilikuwa zimeshajifunga, kila moja mtu kamili. Zilikuwa zinalambana ute mgongoni, moja ikiuliza nyingine kama chai iko tayari.

Wapimaji walikuja na kamba na vigingi. Mkubwa wao alifunika pua kwa leso.

"Nani anakaa hapa?"

"Mimi," Teresina alisema.

"Sisi," wale wawili walisema.

"Wawili kwa mmoja," mpimaji alisema. "Piga kigingi."

"Hawa ni ngozi ya mguu wa mtu, bwana. Muulize hata huyu Jovia."

"Kila mtu ametoka mahali, mama. Si hata wewe ulitoka Uganda?"

Kigingi kikapigwa. Wale wawili walimruhusu Teresina abaki na mtoto, mradi apike. Wanatembea sana hao, asubuhi na jioni, na ardhi yote inateleza. Teresina anakusanya vipande kwenye ndoo kabla jua halijavikausha, maana wamesema vikifa atatoka yeye. Ndoo anamwaga upande wa Emilio, kama alivyoagizwa. Emilio amekaa pale kwenye kiti chake tangu alfajiri, anangoja wapimaji wake. Anamwamkia Teresina, anainua miguu ili amwage vizuri.

Teresina ananawa kwa sabuni ya unga mpaka kwenye viwiko. Harufu haitoki. Anaenda kusonga asida, ugali wa wale wawili, hivyo hivyo.