Mayai ya Upande wa Limpho

Kuku aliyeatamia upande wa kitanda anaolala Limpho aliangua siku ya tano. Mwenzake, aliyewekwa asubuhi ileile upande wa Tšeliso, mume wa Limpho, alimaliza siku zake ishirini na moja kama kuku wote wa wilaya ya Mokhotlong. Mama mkwe alihamishia mayai yote upande wa haraka, na majirani wakaanza kuleta yao. Nani akatae vifaranga vya bure? Upande huohuo mshumaa uliisha kabla ya watu kumaliza kula, na ugali ulikauka ukiwa njiani kwenda mdomoni.

Limpho naye alikuwa anakwisha. Yeye na Tšeliso walipimwa pamoja mwezi wa Agosti, wote wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Kufika Novemba, Tšeliso alikuwa bado anapandisha gunia la unga mlimani, na mkewe alipumzika mara tatu kabla ya kufika chooni.

"Dalili ya mvua ni mawingu," mama mkwe alisema huku akihesabu vifaranga. "Aliyetangulia kuugua ndiye aliyetangulia kuupata. Mwanangu alikuwa mgodini, anachimba."

"Januari nilipimwa, mama, nikawa mzima. Karatasi ninayo. Mwanao alirudi Pasaka."

"Karatasi huandikwa na watu."

Tšeliso alitoka kwenda kupasua kuni. Ila alianza kunusa blanketi la mkewe, na kuwauliza wachunga mifugo ni nani alikuwa akipita pale yeye hayupo. Hilo lilimuuma Limpho kuliko kikohozi.

Akaenda kliniki na kifaranga mmoja kikapuni. Muuguzi Keneuoe alisoma kadi yake.

"Agosti askari wako wa damu, yaani CD4, walikuwa mia nne na ishirini. Dawa tunaanza wakishuka chini ya mia mbili. Tarehe yako ya kupimwa tena ni Februari."

"Februari yangu imeshapita, dada. Huyu ameanguliwa upande wangu wa kitanda."

Keneuoe alimtazama kifaranga. "Kuku alianza kuatamia lini?"

"Jumatatu."

Ilikuwa Jumamosi. Muuguzi alitoa damu palepale, na majibu yaliporudi askari walikuwa mia moja na tisa.

"Kuna miili inayokwenda mbio," alisema. "Kuugua upesi si kuanza mapema. Waambie huko nyumbani." Akayaandika hayo kwenye kadi, akagonga muhuri, akampa dawa bila kungoja Februari.

Dawa zilimkubali. Kufika Juni Limpho alikuwa anateka maji mwenyewe, na kuku wa upande wake wakawa wanaatamia siku ishirini na moja. Majirani walikuja kuchukua mayai yao, wakamwambia amenenepa.

Tšeliso aliisoma kadi yote, hadi muhuri, akaikunja vizuri na kuirudisha. Siku ya kurudi mgodini alimvuta mkewe pembeni ya basi.

"Sasa umepona, na mimi sina hasira," alisema kwa upole. "Niambie tu alikuwa nani."