Saoudat Aacha Kahawa

Kila alasiri, baada ya swala, Saoudat alichemsha kahawa kwa iliki na mdalasini, akakaa kizingitini kuinywa na jirani yake Moinaecha. Saoudat alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, akaolewa Moroni, kisiwani Ngazija, na Daroueche, muuza vitambaa. Kingazija chake kilikuwa safi hata majirani wakasahau alikotoka. Yeye hakuwakumbusha.

Ndzuani ilipojitenga na Komoro hakuna aliyemwuliza kitu. Mambo yaligeuka Aprili ya mwaka 1999, wajumbe wa Ndzuani walipokataa kutia saini makubaliano ya kuviunganisha tena visiwa, na vijana wa Moroni wakaanza kuziba barabara wakiwasaka watu wa Ndzuani. Siku hizo hizo, Saoudat alipomaliza kikombe chake, tumbo lake lilizungumza. Lilizungumza Kindzuani, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima asiye na haraka, likauliza kama mvua imenyesha Patsy na kama samaki wameshuka bei Mirontsy, huko Ndzuani. Moinaecha alikuwa ameingia ndani kuchukua sukari, hakusikia.

Jioni alimweleza mumewe. Daroueche akampikia kikombe kingine, akatega sikio hadi tumbo lilipomaliza maneno yake. Mwaka 1977 alirudishwa kutoka Majunga, Madagaska, baada ya mauaji ya Wakomoro huko, akiwa kijana asiye na mzazi hata mmoja, na mambo ya namna hii hayakuwa mageni kwake.

"Kule walitutambua kwa salamu," alisema. "Mwili wako unakuonya. Usiinywe tena."

"Hauonyi. Unauliza habari za kwetu."

"Ni yale yale," alisema Daroueche.

Haukupita muda, fundi cherehani Ridjali, mtu wa Mirontsy, alikunywa kahawa asubuhi kisha akaenda kununua mkate. Tumbo lake likawasalimia kwa Kindzuani watu waliokuwa kwenye foleni. Kufikia adhuhuri duka lake lilikuwa majivu, na mwenyewe hajulikani aliko.

Saoudat akaacha kahawa. Kichwa kilimgonga, na harufu iliyotoka jikoni kwa wenzake ilimtoa machozi. Lakini tumbo lilinyamaza, na Daroueche akaanza tena kulala usingizi.

Tatizo ni kwamba watu wote wa Ndzuani waliokuwa Moroni walikuwa wameacha kahawa wiki ile ile, na mji ukawa umeshajua kwamba asiyekunywa kahawa ni wa Ndzuani.

Moinaecha alikuja na chupa yake ya kahawa, akamimina vikombe viwili. Saoudat alisema tumbo halitaki. Moinaecha alikitazama kile kikombe kwa muda. Ndiye aliyemzalisha Saoudat mtoto wake wa kwanza, na ndiye aliyemwosha mtoto huyo alipokufa.

"Kunywa kidogo tu, dada. Nione."

Saoudat hakunywa. Moinaecha akairudisha kahawa kwenye chupa bila kumwaga hata tone, akaaga vizuri, akaenda zake.

Asubuhi vijana walifika mlangoni. Hawakumpiga. Walimwambia afunge bunda moja, na Daroueche wakamwambia abaki, kwa kuwa yeye ni wa hapa. Alimsindikiza mkewe hadi bandarini, akaingia katikati ya umati ambao ulimpisha kwa adabu. Meli ilipong'oa nanga Daroueche alikuwa bado amesimama gatini.

Mutsamudu, dada yake Hassanati alimpokea kwa machozi. Akamtandikia mkeka, akampikia kahawa kwa ungaunga uliosalia, maana tangu kisiwa kijitenge meli za bidhaa zilikuwa adimu na madukani hakukuwa na kitu. Saoudat alikunywa taratibu. Alipofika nusu ya kikombe, tumbo lake likauliza, kwa Kingazija safi kabisa, kama Daroueche ameshakula.

Hassanati aliinuka akafunga dirisha. Alimweleza kwa upole kwamba pale kona kuna watu wenye bunduki, wasiotaka hata kumsikia mtu wa Moroni.

"Acha kahawa, mdogo wangu," alisema.

Akakichukua kikombe mkononi mwa Saoudat, akakaa, akainywa iliyobaki, kwa kuwa ilikuwa haba na haifai kumwagwa.