Mkalimani wa Piano

Jumamosi mchana, wanawake walipokuwa wakisugua sakafu ya kanisa, Kagure alikuwa akifuta piano. Alipitisha kitambaa kwenye kibonyezo kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayempangusa mgonjwa uso bila kutaka kumwamsha. Nje ukungu wa Nyandarua ulikuwa umeteremka hadi kwenye mibuni. Kesho yake kulikuwa na mgeni wa serikali, na Tetu nzima ilikuwa inanuka sabuni.

"Hiyo ya mwisho usiguse," mwanamke mmoja alimwambia bila kuinua kichwa.

"Siigusi," alisema Kagure.

Piano hiyo ilitoka kwa nyumba ya mzungu mmoja aliyeuza shamba na kwenda zake Uhuru ulipoingia. Wakati wa Emajensi, wakoloni walipowasaka wapiganaji wa msituni, watu walipelekwa kuhojiwa katika ghala iliyokuwa nyuma ya nyumba hiyo. Mke wa mzungu hakupenda kelele, kwa hiyo alikuwa akipiga piano mpaka kazi ya ghalani imalizike. Mkalimani wa ghala ile alikuwa Hezekiah, kijana wakati huo. Sasa alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya shule, na ni yeye aliyeinunua piano akaitoa kama shukrani. Watu waliipokea kwa makofi. Ungefanyaje? Punda wa zawadi hakaguliwi meno.

Waya wa piano ukipigwa hutoa sauti iliyo juu kidogo ya ile yake halisi. Inapofifia, sauti hushuka polepole ikatulia mahali pake. Tofauti ni ndogo, na watu wengi huishi na kufa bila kuisikia. Lakini piano ya Tetu ilikuwa ikishuka na kupitiliza. Noti ilififia, ikashuka, ikashuka tena, mpaka ikawa sauti ya mtu. Noti ya katikati ilikuwa ya mwanamke akiomba maji. Iliyofuata ilikuwa ya kijana akimwita mamake. Zile nyembamba za juu hufa haraka, na watu wa humo waliwahi kuvuta pumzi tu.

Wazee walimwita Athman, fundi wa Majengo kule Nyeri mjini, aliyetengeneza redio na akodioni. Aliingiza kichwa ndani ya piano, akagonga, akasikiliza, akagonga tena.

"Nyaya ziko sawa," alisema. "Zote hushuka zikifa. Hizi zenu hazijapata pa kutulia, basi." Akanywa chai yake akarudi mjini.

Kwa kuwa haikuwa na ubovu wa kutengenezwa, waumini walijitengeneza wenyewe. Walijifunza kutoiacha piano inyamaze. Ubeti wa pili ulianza kabla wa kwanza haujaisha, na Amina ilisemwa mapema, kwa sauti kubwa, ikafunika mkia wa noti ya mwisho. Wageni kutoka Ruring'u walisema hawajaona watu wenye bidii ya ibada kama wale.

Noti nene ndizo hukaa sana, na ile ya chini kabisa, ya mwisho kushoto, ilikuwa haijawahi kupigwa. Hezekiah alikuwa ameikataza siku ileile piano ilipoletwa.

Theuri, babake Kagure, alipelekwa ghalani Kagure akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na hakurudi. Mashamba yalipopimwa upya, shamba lake lilikutwa limeandikwa la Hezekiah, kwa sababu Theuri, ilisemekana, alikiri kwa kinywa chake kwamba aliwalisha watu wa msituni. Alikiri kwa Kikuyu, na Hezekiah akasema kwa Kiingereza. Watiri, mke wa Theuri na mamake Kagure, hakunyoa nywele kwa kuomboleza wala hakukubali kuitwa mjane. Kila usiku aliacha mlango bila komeo, hata miaka ile wezi walipozagaa.

"Baba yako yuko kwa hiyo noti ya chini," alimwambia Kagure mara nyingi. "Nipigie mara moja tu, nijue kama nifunge mlango."

Kagure aliogopa. Alimwogopa babake, ambaye hakumjua, na alimwogopa zaidi Hezekiah, ambaye alimjua. Kazi ya ualimu alipewa na kamati yake. Nyumba ya shule, yenye paa la mabati na mama yake ndani, alipewa na kamati yake.

Jumamosi hiyo wanawake walipomaliza kusugua, Hezekiah aliingia akiwa ameshika kofia mkononi. Alitabasamu. Alikuwa mtu wa tabasamu.

"Mwalimu, kesho mgeni ni mkubwa. Ile ya chini tuiwache tu vile iko."

"Ndiyo, Mzee."

"Wewe uko na nyumba mzuri. Watu mingi wanaitaka hiyo nyumba, ati. Mimi nawaambia, hapana, hiyo ni ya mwalimu wetu." Akampigapiga begani. Kagure akaendelea kufuta kibonyezo kilekile alichokwisha kufuta.

Jumapili kila kitu kilikwenda vizuri. Mgeni alikuwa mtu wa pwani, mpole, mwenye suti ya kijivu isiyotosha baridi ya huku. Hakujua neno la Kikuyu, kwa hiyo Hezekiah aliketi karibu naye akimtafsiria kwa Kiswahili. Kagure alipiga nyimbo bila kupumua, na kila Amina ilikuja mapema.

Wakati wa sadaka Watiri alisimama upande wa wanawake. Alipita mbele pamoja na wengine, lakini alipofika kwenye kikapu hakusimama. Alikwenda hadi kwenye piano, akaweka kidole kwenye kibonyezo cha mwisho kushoto, akabonyeza, akaacha kidole hapohapo.

Kagure angeweza kuifunika kwa wimbo wowote. Mikono yake ilibaki mapajani.

Noti ilijaa kanisani, ikatikisa vioo vya madirisha. Kisha ikaanza kushuka. Ilishuka chini ya madirisha, chini ya viti, chini ya sakafu iliyosuguliwa jana, na ilipokuwa karibu kuisha, Theuri alizungumza kwa Kikuyu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja.

"Hezekiah, sikusema hivyo. Waambie vile nimesema."

"Ni yeye," Watiri alisema.

Mgeni aliinama upande wa Hezekiah, akauliza kwa adabu, "Anasemaje mzee huyu?"

Hezekiah aliinuka. Alifunga vifungo vya koti, akaweka mikono nyuma, akasimama kama wanavyosimama watu wa kazi ya ukalimani.

"Anasema amefurahi kuona mgeni wetu. Na shamba yake alitoa kwa roho safi."

"Sikusema hivyo," ilisema noti, ikiwa sasa nyembamba kama moshi.

"Anasema asante."

"Hakusema hivyo!" Watiri alipaza sauti, kwa Kikuyu, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kilimkimbia alipokasirika.

"Mama pia anasema asante," Hezekiah alitafsiri.

Watu kadhaa wakasema Amina. Ilikuwa mapema bado. Kanisa zima lilijua Kikuyu na kanisa zima lilijua Kiswahili, na kila mmoja alikuwa akitazama viatu vyake.

Mgeni hakuwa mjinga. Aliutazama uso wa Watiri, kisha akamgeukia Kagure.

"Mwalimu," alisema, "ndivyo alivyosema?"

Hezekiah hakumtazama Kagure. Alikuwa akitazama dirishani, upande wa nyumba ya shule, kama mtu anayekagua bati lililolegea. Kagure aliona akilini godoro la mama yake likiwa nje mvuani.

"Ndivyo," alisema.

Mgeni akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Kagure akaanza wimbo uliofuata.

Tangu siku ile noti ya chini haikatazwi tena. Hupigwa kila Jumapili baada ya sadaka, Theuri husema neno lake, na Hezekiah husimama akatafsiri. Wageni huja hata kutoka Kenol kumsikiliza Theuri, na wengi hutoka wakifuta machozi. Shamba bado ni la Hezekiah, na mibuni yake huzaa sana.

Lakini jioni ya Jumapili ile Watiri alirudi nyumbani akanyoa nywele zote, akazifagia, akazitupa motoni. Kisha akatoa komeo jipya, akalipigilia mlangoni kwa nyundo, akalisukuma ndani. Hakumkemea bintiye. Alimpa chakula.

Kagure alikula kidogo. Alipoinuka kwenda kulala alisema, "Lala salama, mama."

Maneno yalififia kwenye chumba kidogo, na yalipokuwa yakififia yakashuka. Yalipita mahali ambapo sauti yake ilizoea kutulia, yakashuka tena, yakafika chini kabisa, na huko chini, kwa sauti yake mwenyewe Kagure, wazi, wote wawili wakasikia: hakusema hivyo.

Watiri aliongeza ukuni mmoja jikoni.

"Sasa ndio unasema," alisema, "na mlango nimeshafunga."