Mchumba wa Jumanne

Kwetu Mansura, mtu akitaka kumjua mwanamume hamwulizi mwenyewe. Huenda kwa kinyozi wake, kisha kwa mwuza duka wake, kisha kwa bawabu wa nyumba anamokaa. Kwa kuwa kinyozi anaijua hasira yake, mwuza duka anaujua mkono wake, na bawabu anazijua saa zake za kurudi. Mimi niliufuata utaratibu huo kwa unyofu wote, na ndio ulioniponza.

Nilikuwa natafuta mwalimu wa udi, ile ala ya nyuzi. Marehemu mume wangu aliuacha udi wake ukutani sebuleni, nasi tukawa tunaupangusa vumbi kila Ijumaa, sambamba na picha yake, bila yeyote kudhani kwamba una kazi nyingine zaidi ya kuning'inia. Mimi nilidhani. Nilikuwa nikimsikiliza kutoka jikoni tangu nikiwa bibi arusi, lakini mikono yangu wakati ule ilikuwa na bamia za kukata. Uzeeni nikaingia darasa la kisomo cha watu wazima, lile la nyuma ya msikiti, nikajua kusoma, na pamoja na kusoma nikapata kiburi kidogo, kile anachokipata mtu akigundua kwamba jambo aliloambiwa limempita kumbe lilikuwa limekaa mlangoni likimngoja. Basi siku moja nikasoma, bila kumwita mtu anisaidie, tangazo lililobandikwa ukutani mwa duka la dawa: Ustadh Wagih wa Talkha hufundisha udi majumbani, watoto na watu wazima. Hayo maneno ya mwisho niliyarudia, nihakikishe kwamba macho yangu hayanipendelei.

Sikumwambia mtu. Mwanangu Mursi, anayekaa ghorofa ya juu yangu na mkewe Nagat, ni kijana mwema, hainui sauti, na duniani anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni maneno ya watu. Nilijua nikimwambia kwamba mama yake mjane, mwenye wajukuu, anataka kujifunza udi, angeniletea daktari. Nikaona heri nimpate mwalimu kwanza, maneno ya kumwambia mwanangu nitayatafuta baadaye.

Nikavuka daraja hadi Talkha. Kinyozi nilimwuliza kama Ustadh Wagih ni mwepesi wa hasira. Mwuza duka nilimwuliza kama anavuta sigara, kama ni mtu wa maneno makali, na kama ana subira na mtu asiyeelewa upesi. Bawabu nilimwuliza kama ni mtu wa kutimiza ahadi, na wale waliokuwa naye zamani waliachana naye kwa sababu gani. Wote watatu walimsifu. Wote watatu waliniuliza ninamwulizia nani, nami nikajibu, kwa haya, kwamba yuko mtu nyumbani kwetu. Bawabu akatabasamu, akaniletea kiti nikae, akaniuliza tunakaa mtaa gani, na akaniambia kwamba bwana yule anaishi na mama yake na hajawahi kuoa. Sikuona taarifa hiyo inanihusu, lakini nilimshukuru.

Alhamisi iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, mlango ukagongwa. Nilipofungua nikamwona mwanamume wa makamo katika suti ya sufu, wakati wa joto, kola imemkaba hata masikio yamewiva. Mbele yake alisimama mama mzee mwenye bangili, na mkononi mwa mama huyo palikuwa na boksi la keki za basbusa lililofungwa utepe. Mwalimu haji na mama yake, wala haji na basbusa yenye utepe. Hapo hapo nikaelewa nilichokifanya Talkha.

Nagat, aliyekuwa akianika nguo roshanini, naye aliliona lile boksi. Mke wa mwanangu ana moyo wa furaha na pafu kubwa. Kabla sijawakaribisha wageni ndani, vigelegele vilikuwa vimeshashuka mtaa mzima hadi duka la Mzee Shihata, na Mama Bilal wa chini akawa anajibu kwa vigelegele vyake bila kuuliza ni vya nini.

Mursi akashuka akikimbia. Nilipomwona uso nilijiandaa kwa aibu, maana hatuna binti nyumbani humu, na mwenye akili ya kujumlisha angeona kwamba bibi arusi ni mimi. Alijumlisha. Kisha, mwanangu huyu anayeogopa watu, akatabasamu kwa namna ambayo sijamwona akitabasamu tangu azaliwe mtoto wake wa kwanza. Akamkumbatia mgeni. Akamtuma Nagat alete sharubati ya waridi. Akaninong'oneza kwamba amefurahi sana, ila ningalimwambia mapema angalinyoa.

Mama mzee, ambaye jina lake ni Hajja Tafida, alipangusa midomo kwa leso, akasema, "Mama Mursi, sisi hatuna maneno mengi. Mmetuulizia, nasi tumewaulizia. Tumeambiwa wewe ni mwanamke wa heshima, mkaidi kidogo, na umejifunza kusoma juzijuzi. Ukaidi tutauvumilia. Basi tusome Fatiha."

Akainua viganja. Mursi akainua vyake. Ustadh Wagih aliinua vya kwake polepole, kama mtu aliyeamriwa na askari. Nikatambua kwamba nikikaa kimya kwa muda wa sura moja fupi nitakuwa mchumba wa mtu, na kwamba kila aliyemo chumbani, isipokuwa pengine bwana arusi, ataridhika kabisa.

"Hajja, nisamehe," nikasema. "Mimi nilikuwa natafuta mwalimu wa udi."

Viganja vikabaki hewani. "Wa kumfundisha nani?"

"Mimi."

Mursi alinitazama kana kwamba nimevua mtandio barazani.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kuolewa ni sunna. Udi ni nini sasa, mama yangu? Watu watasemaje?"

Hajja Tafida akashusha mikono, akamgeukia mwanawe, kisha ukuta, kisha mimi. "Miaka yote namwomba Mola aniletee mwanamke wa kuniondolea huyu nyumbani," akasema. "Leo kaniletea. Naye anamtaka kwa saa moja."

Ustadh Wagih akafungua kifungo cha kola, na wekundu wa masikio ukampungua. Alisimama, akaenda ukutani.

"Nani aliuning'iniza huu mkabala na dirisha?" akauliza. "Jua litaupasua." Akautungua bila ruhusa, akaupakata, akakaza vigingi vilivyolia kama mlango wa zamani, na akapiga uzi mmoja tu. Uzi ule ulikuwa umechoka, lakini sauti ilitoka, nami nikakumbuka bamia. "Jumanne," akaniambia. "Kata kucha za mkono wa kushoto."

Lakini tatizo la Mursi lilikuwa halijaisha, na sikuweza kulidharau. Vigelegele vimeshapigwa, na chini Mama Bilal alikuwa tayari anauliza kwa sauti siku ya harusi. Tukikanusha posa, basi mwanamume atakayeingia kwa mjane kila Jumanne ataingia kama nani? Mursi alisema hivyo huku ameshika kichwa, na kila mtu akaona kwamba amesema kweli. Mtaa wetu ungemkaribisha mchumba kwa sharubati, na ungemsindikiza mwalimu kwa macho hadi darajani.

Hajja Tafida ndiye aliyekata shauri. "Msiwaambie kitu. Mchumba hutembelea na mama yake. Nitakuja naye. Na basbusa iachwe hapa hapa, sibebi tena."

Nami nikakubali. Sikusema uongo, niliacha tu watu waendelee kuwa wajanja.

Basi kila Jumanne mchumba wangu akawa anakuja. Hajja Tafida huketi kwenye kochi na kufuma soksi, na Ustadh Wagih huketi mbele yangu akinisahihisha kidole kimoja kimoja. Anashikilia kwamba mwanafunzi akiusikia mkono wa mwalimu huacha kuusikia wake, kwa hiyo yeye hapigi. Napiga mimi. Na kwa kuwa ni kiangazi, madirisha yako wazi.

Siku moja nilikuwa nanunua dengu, Mzee Shihata akaniinamia juu ya mizani. "Mama Mursi, wewe ni kama dada yangu, sikufichi. Yule bwana hajui kupiga. Nimewasikia paka juu ya mapaa wakiwa na mpangilio zaidi. Mtu anayedanganya katika kazi yake atadanganya na katika ndoa."

Nilicheka, nikarudi na dengu zangu. Jumanne iliyofuata Hajja Tafida alifuma akifumua hadi nikamwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba mwenye duka la dawa, aliyekuwa amekubaliana na Ustadh Wagih awafundishe watoto wake wawili, amebadili nia. Alikuwa ameuliza habari zake, kwa utaratibu: kwa kinyozi wa huku, kwa bawabu, na kwa Mzee Shihata. Ustadh Wagih alimwomba mama yake aache maneno hayo, kisha akanisogezea kidole cha pete mahali pake. Kinyozi wa Talkha alikuwa amesema kweli: mtu yule hana hasira.

Usiku ule nilijiona nilivyo. Nilikuwa nimetafuta mwalimu mwenye jina jema, nikalipata jina hilo, na sasa nilikuwa nalitumia kufunikia vidole vyangu.

Asubuhi nikashuka dukani. Palikuwa na Mama Bilal akichagua nyanya na wateja wengine wakingoja mkate. Nikasema wazi kwamba anayepiga vibaya ni mimi, kwamba Ustadh Wagih ni mwalimu wangu, na kwamba hana kosa ila subira.

Mama Bilal aliweka nyanya chini, machozi yakamlengalenga. "Mwaona?" akawaambia wenzake. "Hawajafunga ndoa, na tayari anamsitiri. Huyo ndiye mwanamke wa nasaba njema."

Mzee Shihata aliafiki. Alisema mke wake mwenyewe hangemfanyia hivyo. Nilirudia, nikaapa, na kila nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kusifiwa.

Nikapanda ngazi. Mursi alinikuta mlangoni nikitoka na udi, akauliza naupeleka wapi. Nilimwambia dukani. Akachungulia kwanza kama kuna majirani ngazini. Kisha akanibebea kiti, ingawa alitembea mbali nami hatua kadhaa, kama mtu anayepita tu na kiti chake.

Niliketi kati ya gunia la mchele na pipa la jibini. Nikapiga lile zoezi nililopewa, lote, nikianza upya kila nilipokosea, na nilikosea mara nyingi. Mama Bilal alisogeza mkono mdomoni. Nilipomaliza nikainua kichwa.

Mzee Shihata alinitazama kama atazamavyo mzani anaoushuku.

"Naam," akasema. "Ni wewe."

"Nimekwambia."

"Basi bwana wa watu amesingiziwa. Nitamwambia mwenye duka la dawa leo hii." Akanipimia pilipili manga ambayo sikuomba, akaikunja katika karatasi, akanipa. "Na mtu anayeweza kukaa na sauti hiyo kila wiki bila kuinua yake, Mama Mursi, usimwache. Olewa naye."

Wote wakaitikia kwamba ndiyo, olewa naye. Hata Mursi, kutoka barabarani, aliitikia kwa kichwa.

Nikamwambia asante kwa pilipili, na kwamba Jumanne nina somo.